Bibi wa Sweta ya Kijani

Jumatatu, 4 Machi

Nimefika Auckland. Hoteli ni mnara wa vioo pale bandarini, inanukia ndimu hata ndani ya lifti. Chumba changu kiko ghorofa ya saba. Dirisha linatazama ukuta. Ukuta una bomba. Bomba linatema mvuke kila anapooga mtu fulani huko ndani. Hiyo ndiyo mandhari yangu ya wiki nzima.

Pringle, baba wa bwana harusi, daktari wa meno mstaafu, yuko ghorofa ya ishirini na sita. Amenieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba akijilaza kwenye beseni lake la kuogea huona meli zikiingia. Akanipiga bega, akasema mimi mtu wa mashamba nisingepapenda huko juu, upepo mwingi.

Binti yangu Ngahuia alinipokea mlangoni. Ana ombi moja tu. Jumamosi nimshike mkono nimwingize ukumbini mbele ya watu wote. Nami, kwa ajili ya heshima hiyo, nisifanye mpango wowote wiki hii. Hata mdogo. Akanikumbusha harusi ya binamu yake na suala la kondoo. Nikamwambia yule kondoo alikuwa wetu kwa upande mmoja. Akasema, "Baba, mpango mmoja tu, natembea peke yangu."

Nimeapa. Nimeapa kwa dhati. Lakini baba wa bibi harusi hawezi kukaribisha wakwe mbele ya bomba. Huo si mpango. Ni marekebisho.

Jumanne, 5 Machi

Marekebisho yamekwenda vizuri mno.

Nilifikiria mende. Ataletwa mtu wa dawa ya wadudu, hatamwona mende. Nilifikiria kelele. Kelele hupimwa. Kisichopimika ni mzuka. Hoteli ya nchi hii ikiambiwa na Mmaori, mwenyeji wa asili, mwenye mvi kama mimi, kwamba chumbani kuna mtu ambaye si mtu, haibishani naye. Inafunga chumba, inaita mwenye sala na maji, mgeni anahamishwa. Niliwahi kuona benki ikifunga kaunta kwa sababu hiyo, na wateja wakasubiri nje bila kulalamika.

Nikamwendea Losa, msichana wa Kisamoa wa mapokezi. Nikamnong'oneza kwamba chumbani kwangu kuna bibi. Nilitegemea ataniuliza kama nina hakika. Hakuuliza. Aliuliza amevaa nini.

Sikuwa nimejiandaa. Nikasema kilichokuja kwanza. Sweta ya kijani ya kufuma. Kifungo cha tatu hakipo, pana pini. Viatu vimeloa. Ameketi kitini anatazama ukutani. Losa akaweka kalamu chini. Akauliza, vimeloa maji ya mvua au ya bahari? Nikasema bahari, vina mchanga. Sijui kwa nini nilisema mchanga.

Akauliza kama nilizungumza naye. Nikauona mlango wa ghorofa za juu ukifunguka. Nikasema ndiyo, nilimwambia karibu mama, keti. Losa akanitazama kidogo. "Mjomba, ulimkaribisha?" Nikamjibu mimi nimelelewa vizuri.

Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa ghorofa ya ishirini na saba. Juu ya kichwa cha Pringle. Sebule, beseni, meli.

Jambo dogo. Tulipotoka kwenye lifti, mchukuzi wa mizigo aliendelea kuuzuia mlango kwa mguu. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema taratibu tu mjomba, magoti yake hayo. Sikuuliza magoti ya nani. Vijana wa mjini wana mzaha mkavu.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi nilipewa meza ya watu wawili. Mhudumu, mama wa Kifiji mwenye ua sikioni, akaleta chai mbili. Nikamwambia niko peke yangu. Akakitazama kiti cha mbele yangu, akatabasamu, akamimina maziwa kwenye kikombe cha pili na kuuliza kama yanatosha. Aliuliza kiti. Halafu akaongeza kidogo, kama mtu aliyejibiwa.

Nikaelewa papo hapo. Pringle. Amewahonga wafanyakazi ili nionekane mwehu mbele ya wakwe. Nikala vifungua kinywa vyote viwili ajue simwogopi. Chai ya pili ilikuwa na chumvi.

Nilirudi chumbani. Kiti cha dirishani, ambacho hutazama bandari, kimegeuzwa kinatazama ukuta. Nikakigeuza. Nikaenda msalani. Nikarudi. Ukuta. Nikampigia simu Pringle kumpongeza. Akasema yuko uwanja wa gofu, kulikoni? Nilisikia upepo, na mtu akiutukana mpira. Anafanya kazi kwa mikono ya watu. Nakiri, mpinzani wa maana.

Alasiri mtu wa usafi aligonga. Je, mama angependa taulo zaidi za miguu? Nikamwambia mama yangu alifariki zamani. Akaomba radhi sana. Akaniachia taulo sita, akamwinamia mtu nyuma yangu, akaenda zake. Niligeuka haraka. Pazia tu.

Taulo ni nzito, za pamba safi. Nne zimeshaingia begini.

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya. Mama Huhana alikuja, ndiye huitwa na hoteli kwa mambo haya. Fimbo ya bati, sauti ya mwalimu wa michezo. Alianzia chumba cha ghorofa ya saba na akatoka mapema. Akasema hamna kitu mle ila bomba baya. Kisha akapanda kwangu, pamoja na Losa, na meneja mwenye tai, na Ngahuia. Ngahuia ndiye aliyepanga vyumba vyote vya harusi, kwa hiyo walimwita. Aliingia amekunja mikono.

Mama Huhana akaomba. Akanyunyiza maji pembe zote, mpaka kabatini, mpaka kwenye begi langu la taulo. Alipofika kwenye kiti akaacha kuomba, akaanza kuongea sauti ya kawaida, kama watu wawili kwenye foleni ya duka. Mara moja alicheka. Kisha akanigeukia.

"Paora, chumba hakina kosa. Huyu si wa hapa. Umemwita wewe."

Nikasema sikumwita mtu, mimi nilitaka tu... Meneja alikuwa anasikiliza. Mama Huhana akasema aliyetamka karibu ndiye mwenyeji, na mwenyeji ana kazi. Mlishe. Mpe nafasi yake. Akimaliza alichokuja kuona, mpeleke kwao moja kwa moja, usipitie popote. Si kazi ngumu, akasema. Anataka kuona harusi tu.

Nikauliza, kama mtu anayetania, kwao ni wapi. Akanitazama kama anavyotazamwa mbwa aliyekula kiatu. "Sweta umemvalisha wewe, unaniuliza mimi?"

Ngahuia akauliza sweta gani. Losa akamweleza yote. Kijani. Kifungo cha tatu. Pini. Viatu, mchanga. Ngahuia akaketi kitandani. Akasema bibi yake alikuwa akitoka kuchimba kombe, chaza wa mchangani, pwani kwetu Ohiwa, anaingia jikoni na viatu vimeloa, kila mtu anamgombeza kwa ajili ya mchanga. Na kifungo cha tatu alikichezea yeye mwenyewe utotoni, akiwa amepakatwa, mpaka kikang'oka.

Nikasema sweta za kijani ni nyingi.

Akaniuliza kama nilimwona kweli. Swali la hila. Nikisema ndiyo, basi nimemwona mama yangu nikamtumia kupatia beseni. Nikisema hapana, basi nimedanganya. Nikasema tazameni, meli nzuri inaingia.

Akasema Jumamosi atatembea peke yake. Hakupaza sauti. Angepaza, ningekuwa na la kujibu.

Baada ya sala watu hula, ili mambo yarudi yawe ya kawaida. Ikaletwa chai na keki. Mama Huhana akakata kipande kinono, akakiweka kwenye sahani juu ya kiti. Nilikitamani. Nilipogeuka kutafuta uma hakikuwepo. Mchanga kidogo kwenye sahani.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango mpya. Hapana, mkakati. Ngahuia anataka bibi yake atunzwe. Vema. Akinikuta natunza, atalegea.

Nikapiga simu jikoni, nikasema namlisha mgeni kwa agizo la Mama Huhana. Walileta bila kuuliza: kamba wakubwa, samaki wa kuoka, sinia la kombe. Nikamtengea mama kisahani kidogo cha kombe pale kitini, kwa sababu wazee hawali sana. Kilichobaki nilimsaidia. Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimepona mpaka nikafungua mkanda.

Nilipoinua macho, kombe za kisahani zilikuwa tupu, zimepangwa moja ndani ya nyingine, kubwa mpaka ndogo. Mama yangu alizipanga hivyo. Sijawahi kuona mtu mwingine akizipanga hivyo. Hata hivyo kombe tupu hupangika.

Mchana Pringle alinipigia, amepandwa na hasira. Dari lake linavuja. Maji yanadondoka ndani ya beseni lake, ya baridi, yana mchanga, na ameyaonja, yana chumvi. Mafundi wamepasua dari, hawajaona bomba lolote. Nikampa pole. Hoteli imejaa wageni wa harusi. Chumba kilichobaki ni kimoja, ghorofa ya saba, dirisha linatazama ukuta. Nikamwambia hapo angalau hakuna upepo.

Nilimgeukia mama, yaani kile kiti, nikamwambia ahsante. Kiti kikalia kama kinavyolia mtu anapojigeuza juu yake.

Jioni nikashuka kwa Ngahuia. Niligonga. Akauliza bila kufungua, "Baba, uko na Bibi?" Nikatazama korido huku na huku. Zulia, taa, mimi. Nikasema ndiyo, tuko wote. Niliona itasaidia.

Mlango ukafunguka. Binti yangu hakunitazama. Alitazama pembeni yangu, chini kidogo, muda mrefu. Akasema karibu Bibi, ingia, usivue viatu, ingia navyo tu. Akapisha njia. Kisha mlango ukafungwa.

Mimi nikiwa nje.

Nilitega sikio. Ndani Ngahuia alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha utotoni, cha kukosa pumzi. Nilikaa pale mpaka mtu wa lifti akaniuliza kama nimepoteza kadi ya mlango. Nikasema ndiyo. Akanipa nyingine. Nimeiweka, itafaa siku moja.

Jumamosi, 9 Machi

Harusi. Nilikaa safu ya pili. Kiti cha mwisho cha safu ya kwanza kiliachwa wazi, kimetandikwa taulo.

Nilikuwa na matumaini. Nilivaa suti, nikasimama karibu na mlango nikijifanya natafuta mahali pa kuning'iniza koti. Mtu hubadili mawazo dakika za mwisho. Losa akanishika kiwiko kwa upole, akanirudisha mahali pangu. "Kaa, mjomba. Ameshapata mtu."

Muziki ukaanza. Ngahuia akaingia. Mkono wa kulia ameshika maua. Mkono wa kushoto ameukunja, ameushusha kidogo, kama anayemsaidia mtu mfupi. Alitembea polepole sana, hatua fupi. Katikati akasimama, akangoja mtu apumue, akaendelea. Wahudumu waliojipanga mstari ukutani wakainamisha vichwa mmoja baada ya mwingine alipopita. Hapakuwa na aliyecheka. Pringle, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaninong'oneza kwamba ni desturi nzuri sana, inaitwaje?

Nyuma ya gauni, kwenye zulia jeupe, zilibaki nyayo ndogo za viatu vilivyoloa. Harufu ya pwani wakati maji yamekupwa.

Nilitazama mpaka macho yakauma. Kila mtu wa hoteli ile anamwona. Mchukuzi wa mizigo anamwona. Mimi niliona zulia, nyayo, kiwiko cha binti yangu. Basi.

Alipofika kwangu Ngahuia alinitazama. Hakunitazama vibaya. Nikasogea nusu hatua, huenda akanihitaji. Hapakuwa na nafasi. Nikaketi.

Kile kiti chenye taulo kilinesa kidogo. Taulo ikaanza kulowa.

Jumapili, 10 Machi

Nimeondoka hotelini. Ngahuia amenikatia tiketi ya basi kwenda kwetu, viti viwili vya pamoja. Alinibusu shavuni. Kisha akainama zaidi, akabusu hewa pembeni yangu, akafunga kitu kisichoonekana, chini ya shingo, kama mtu anayefunga sweta. Akasema, "Moja kwa moja, Baba. Umesikia alivyosema Mama Huhana." Nikasema nimesikia. Akaniapisha. Nikaapa.

Kituoni pana tangazo kubwa. Wellington wamefungua hoteli mpya. Vyumba vya juu kabisa vina bwawa la kuogelea ndani kwa ndani, na sahani ya matunda kila asubuhi.

Nimebadili tiketi. Siku mbili tu. Mama hakuwahi kuiona Wellington maisha yake yote. Kumnyima kungekuwa ukatili. Huu si mpango. Ni matembezi.

Maelezo nimeshaandaa, safari hii sitashikwa bila kujiandaa. Si bibi tena, bibi analowesha vitu. Nitasema nimemwona mzee. Kofia ya kijivu. Mguu wa kushoto anauburuta. Kidole gumba kimekatwa na msumeno, anakificha mfukoni. Yamenijia yenyewe, kama mara ya kwanza. Nimeyasema kwa sauti pale kwenye benchi, kuyazoea, na mwishoni nikaweka karibu mzee, keti, kwa sababu ndilo neno lililomgusa Losa.

Dereva amekagua tiketi mlangoni. Akasema mama akae dirishani aone njia. Kisha akachungulia juu ya bega langu, akasogea kumpisha mtu anayepanda ngazi kwa shida, akaniuliza kama na huyu mzee wa kofia tuko pamoja.

Nimesema ndiyo. Wazee hupewa punguzo.