Chanuo kwenye Benchi la Lukusa

Jumatatu, 10 Juni 2024
Baridi kali. Nimefika bustanini saa kumi na mbili na nusu asubuhi na tayari nimechelewa. Lukusa ameshatandaza kitambaa chake juu ya benchi la mawe kando ya ziwa. Sheria yetu wapiga picha ni moja: aliyetandaza kwanza ndiye mwenye benchi kutwa nzima. Wazungu wa mgodi waliijenga bustani hii zamani, na maua, na daraja la chuma, lakini kila bibi harusi wa Kolwezi anataka benchi hilo tu. Kona yangu ina miiba.

Jumamosi ni harusi ya Yolande, binamu wa mke wangu. Mke wangu, Noëlla, atakuja. Miezi mitatu sasa yuko kwa mama yake huko Kasaji, alikokwenda akisema hawezi kukaa na mwanamume ambaye kazi yake haionekani. Akinikuta benchini mbele ya watu wote, atarudi nyumbani. Akinikuta kwenye miiba, nimekwisha. Naogopa sana.

Wazo limenijia njiani. Mamba-muntu! Nani hapa hamjui mwanamke wa majini, nusu samaki, anayeketi ukingoni kuchana nywele na kuacha chanuo lake makusudi? Ukiliokota, atakufuata kulidai. Na nyumbani kuna chanuo la zamani la Noëlla.

Jumanne, 11 Juni
Nimewahi. Chanuo nimelilowesha, nimelisokotea nywele za bandia, nimeliweka katikati ya benchi. Kisha nikajificha kwenye miiba yangu.

Lukusa alikuja akipiga mluzi. Mluzi ulikatika. Alikimbia akaacha kiatu kimoja. Mama Brigitte, mtunza maua, aliweka vifaa chini akasema: “Batu, ni kitu ya mamba-muntu. Mutu hata moya asishike.” Alilifunika chanuo kwa beseni akaanza kuomba. Watu wakakimbia. Nikakimbia nao, ili nisishukiwe.

Nilikimbia hadi sokoni. Sijui kwa nini mbali hivyo.

Jumatano, 12 Juni
Lukusa amehamia upande wa daraja. Benchi ni langu. Jioni Mama Brigitte aliinua beseni ili aombe vizuri zaidi. Chini yake hakuna kitu.

Nimemuuliza Lukusa kwa ujanja. Ameapa kwa mama yake kwamba hawezi kugusa kitu kile. Mama Brigitte anasema mamba-muntu mwenyewe amelichukua, na sasa atamtafuta aliyemchezea. Nilicheka. Chanuo lile lilinunuliwa sokoni, nilikuwepo. Lakini majini kitu kilitikisika. Bata, nadhani. Bata wa bustani hii walikufa mwaka jana.

Ijumaa, 14 Juni
Jana sikuandika.

Leo Mama Brigitte ameniita pembeni, sauti chini: “Tata Ngeleka, kuko mwanamuke moya alikuuliza weye. Kwa jina. Nywele murefu mpaka mu kiuno. Anasema ataonana na weye kesho, ku mayi.” Majini! Nikamuuliza miguu yake ilikuwaje. Akasema kikwembe alichojifunga kilifika chini, hakuona miguu.

Noëlla nywele zake ni fupi kama zangu. Kwa hiyo si yeye. Simjui mwanamke mwingine.

Jumamosi, 15 Juni
Nimerudi nyumbani nimelowa. Naandika nikiwa ndani ya mablanketi mawili.

Saa tisa harusi ilifika, magari kumi na moja, honi, shangwe. Yolande na bwana wake wakaketi kwenye benchi langu. Nilisimama imara, mgongo kwa ziwa, jicho kwenye kamera. Nilimtafuta Noëlla kwenye umati. Hakuwepo.

Ndipo nyuma yangu, kana kwamba kutoka majini kabisa, sauti ikasema taratibu: “Ngeleka. Nilikuya kukutwala.”

Kunichukua! Nikageuka nusu. Nywele mpaka kiunoni. Mkononi, chanuo. Sikutazama uso, nani angetazama? Mbele yangu harusi, kulia mama mkwe wa Yolande, mwanamke mkubwa. Upande pekee uliokuwa wazi ni ziwa, kando yake. Nikaruka.

Ndiyo, ndani ya maji. Nikiwa humo nikakumbuka nani anaishi humo, nikapiga kelele: “Nisamehe mama! Ni mi niliweka! Nilitaka tu benchi ya Lukusa!”

Kikaja kicheko cha magari kumi na moja.

Alikuwa Noëlla. Amesuka nywele mpya kwa ajili ya harusi. Jumatano mchana, nilipokuwa nimekwenda kula, alikuja na Yolande kuangalia mahali pa picha, akafunua beseni, akakuta chanuo lake. Alidhani natembea nalo mfukoni kwa kumkumbuka, nikalidondosha. Alilia, Yolande ndiye aliyeniambia. Sanduku lake lilikuwa getini kwa Mama Brigitte. Alikuwa anarudi nyumbani.

Aliniangalia kwa muda mrefu nikitoka majini. Heri angenitukana.

Jumapili, 16 Juni
Noëlla amerudi Kasaji asubuhi, na sanduku, na chanuo. Nyumba ni kimya. Nimelia kidogo, ni homa pia.

Picha aliyopiga Lukusa iko kwenye simu za Kolwezi nzima: mimi hewani, miguu juu, maharusi wakitabasamu. Yolande anasema ndiyo nzuri kuliko zote. Lukusa amerudi benchini na kitambaa kipya, chekundu.

Kioo kidogo cha Noëlla bado kiko ukutani. Nimekitazama mchana kutwa. Mamba-muntu, kila mtu anajua, hachani nywele bila kioo.

Kesho nitaamka saa kumi na moja, kabla ya Lukusa.