Mtama wa Kuita Njiwa

Jumapili, 6 Aprili
Zumaridi amenihama! Njiwa wangu mweupe, kipenzi changu, ametua darini kwa Shawki, ng'ambo ya kichochoro. Sisi wafuga njiwa wa Kairo sheria yetu haina huruma: njiwa akitua kwako, ni wako. Shawki, fundi viatu yule, akapiga mbinja mtaa mzima ukachungulia. Akaniuliza kama kemia yangu inajua kuruka. Mshenzi!

Jumatatu, 7 Aprili
Miaka kumi na tisa nafundisha kemia, leo nishindwe na ndege? Nimeloweka mtama katika mafuta ya shamari na dawa nyingine ambazo siziandiki, maana mke wangu Nabawia huisoma shajara hii. Nimepiga hesabu zote: upepo, umbali, njaa. Nabawia akauliza, na hilo koti ulilolimwagia? Nikamjibu sayansi haijali nguo.

Jumanne, 8 Aprili
Wamekuja! Njiwa kumi na wanne wa watu, wote wangu sasa! Nimecheza darini peke yangu. Zumaridi tu hakuja. Shawki kamfungia. Mlango sikuupigia hesabu. Dogo hilo.

Jumatano, 9 Aprili
Njiwa wangu wamenifuata hadi darasani. Wote! Mwalimu mkuu akauliza nani anamfundisha nani. Wanafunzi wakashangilia. Nabawia anasema ni koti. Nasema ni mapenzi.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimevaa koti langu zuri, lile lile, nikaenda kwa Shawki kumwomba Zumaridi kwa adabu. Akakataa, ila akamfungulia walau nimuage. Sijamaliza salamu, mbingu ikafunga: njiwa wangu wote, wa zamani na wapya, thelathini na wanane, wakatua darini kwake! Zumaridi naye akanikalia begani, hapo hapo kwa Shawki. Jamaa alicheka mpaka akakaa chini. "Karibu kila siku, ustadhi! Na koti lako usiliache!"
Nimelia kwenye ngazi. Matundu matupu. Nabawia kaniwekea chai, kisha akaliloweka koti.

Ijumaa, 11 Aprili
Kosa nimeliona! Harufu haina adabu, inamganda mtu. Sauti haigandi. Natengeneza filimbi ambayo binadamu hawaisikii kabisa, njiwa tu, hadi ng'ambo ya Naili. Zumaridi atarudi kesho. Nimepiga hesabu zote.
Nabawia akauliza, na masikio ya mbwa wa mtaani je?
Huyu mwanamke! Mbwa na njiwa wapi na wapi?