Orodha ya Wapagazi Kumi na Wawili

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo Damas kanichokoza mbele ya watu. Damas ni kinyozi. Kibanda chake kimepakana na changu cha ushonaji hapa Isevya, Tabora, na kwa miaka kumi na mmoja ameegemea ukuta wangu kana kwamba aliujenga yeye.

Jambo lenyewe ni hili. Wapagazi, timu yetu ya mpira wa kikapu, imeingia ligi ya kulipwa. Tawi letu la mashabiki halina mwenyekiti, kwani Mzee Mabruki kahamia Kigoma kwa binti yake. Kiti nakitaka mimi. Damas naye anakitaka, ingawa mpaka mwaka jana alidhani goli la kikapu lina kipa.

Bernadeta, katibu wetu, kasema kura zitaleta ugomvi. Ana njia yake. Alhamisi kocha anatangaza wachezaji kumi na wawili watakaobaki kati ya kumi na wanane walioko mazoezini. Mimi na Damas tuandike kila mtu orodha yake. Atakayepatia majina mengi ndiye mwenyekiti. Nikajibu kwamba niko tayari. Nilijibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Tukaandika. Bernadeta akabandika karatasi zote mbili ukutani kwake. Loo! Majina kumi na moja yanafanana! Tofauti ni jina moja tu. Mimi nimemweka Elieza. Damas kamweka Jilala.

Na Jilala ni mpangaji wangu! Anakaa chumba cha uani. Kijana wa miaka ishirini na miwili, kwao ni vijijini Nzega, mrefu hadi mlangoni anaingia kwa kuinama kama anayeingia kuungama. Mke wangu, Levina, anamhesabu kuwa mwanawe. Kaniuliza kama nina akili timamu. Nikamweleza kwamba mtabiri hana undugu. Warefu wako wawili tayari, wa tatu wa nini? Tena mipira ya adhabu anaikosa. Levina akasema mtabiri wa namna hiyo hastahili mboga.

Nimekula ugali mkavu. Ukweli una gharama zake.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda uwanjani na utepe wangu shingoni. Kazi ya kushona majina kwenye jezi ni yangu, kwa hiyo niliitwa kuwapima wachezaji. Mpango: kumchimba kocha bila yeye kujua.

Kocha Mektilda ni mwanamke wa maneno machache. Nilimuuliza, kama mtu anayewaza kitambaa tu, iwapo yule mrefu wa Nzega atahitaji jezi ya saizi kubwa sana. Akajibu kwamba niwapime wote. Nikauliza kama wote kumi na wanane watavaa. Akaniambia utepe wangu umejikunja. Kweli ulikuwa umejikunja. Aibu.

Nje ya uzio, Damas amekaa kwenye kiti anatazama mazoezi, anaandika. Nikakitazama kile kiti vizuri. Kiti changu cha kibandani!

Mchana nilipata wazo. Kwa nini nisubiri Alhamisi? Nikishona sasa, kocha atamaliza kusoma majina na mimi nitafungua mfuko palepale: jezi kumi na mbili, majina tayari mgongoni. Mji mzima utajua kuna mtabiri Isevya. Nimekata herufi, nimeshona bila kupumzika. ELIEZA nimempa namba kumi na nne. Nimezitundika zote kwenye kamba ndani ya kibanda. Zinapendeza kweli.

Nilipaswa kuzifunika.

Jumatano, 8 Oktoba

Naandika haya ili yatoke kifuani.

Alasiri Jilala alipita kibandani akitoka mazoezini. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni. Akanieleza kwamba kaka yake kapiga simu. Malisho na maji ya karibu yamekwisha, ng'ombe lazima wapelekwe mbali, lamboni, na kaka mwenyewe anataka kwenda machimbo ya dhahabu. Kama Jilala atachaguliwa, kaka atavumilia nyumbani mpaka wapate mchungaji. Kama hakuchaguliwa, basi arudi upesi amwachie kaka nafasi.

Akiwa anasema hayo, macho yake yalikuwa kwenye kamba. Alikuwa anahesabu jezi, jina kwa jina. Niliona midomo yake ikitembea. Alipofika ya kumi na mbili midomo ikatulia.

"Baba, hiyo ndiyo orodha? Kocha amekupa?"

Sikusema amenipa. Sikusema hajanipa. Nilikohoa.

Nimejiuliza tangu hapo kile kikohozi kilikuwa cha nini. Kifua hakikuwa kinaniuma. Nadhani nilimwonea haya kwa kutomwandika. Nadhani pia nilipenda kidogo kuonekana mtu anayejua siri za kocha. Na chini kabisa ya hayo, nadhani nilikiona kile kiti cha Mzee Mabruki. Nikasema, "Mwanangu, mpira una mwaka kesho."

Akasema, "Nimeelewa, baba. Asante kwa kutonificha."

Akaniokotea mkasi ulioanguka, akaondoka. Nilitaka kumwita. Damas akatokea mlangoni kuniuliza kama nina wembe wa akiba, tukaanza kubishana habari za kiti changu, nikasahau.

Hapana. Sikusahau.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jilala kaondoka na basi la kwanza. Chumba kakifagia, ufunguo kauacha dirishani. Levina aliniuliza kulikoni asubiri wiki tatu za mazoezi kisha aondoke siku ya matokeo. Nikasema vijana wa siku hizi hawana subira. Mungu anisamehe.

Saa nne uwanja umejaa. Nimekaa mbele, mfuko wa jezi mapajani. Kocha Mektilda akasimama na karatasi. Akasema hasomi kwa alfabeti. Anasoma kwa jinsi alivyowaandika, kuanzia yule ambaye hakuwa na shaka naye hata siku moja.

"Jilala."

Watu wakapiga vigelegele. Damas akaruka juu kama mbuzi. Kocha akarudia jina. Akanyanyua macho akatafuta kichwa kirefu kati ya vichwa. Hakikuwepo. Akaweka alama ndogo kwa kalamu, akaendelea na wengine. Elieza hakusomwa. Niliwaona wale sita walioachwa wakiokota mabegi yao, Elieza wa mwisho, akifuta viatu kwa shati alilovaa.

Mfuko sikuufungua.

Kocha alitangaza kwamba fomu zinasainiwa mwisho Jumamosi saa sita, kisha majina yanapelekwa ligi. Nimempigia Jilala mara kumi na tisa. Simu haipatikani. Nimerudi kibandani, nimefumua ELIEZA kwenye namba kumi na nne, nimeshona JILALA. Nilisema moyoni: jina likiwa mgongoni, mwenyewe lazima aje.

Damas kapita kunipa pole ya kushindwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimekwenda Nzega. Levina nilimwambia nafuata vifungo. Kutoka Nzega nilichukua bodaboda hadi kijijini, vumbi likanigeuza rangi.

Mama yake Jilala nilimkuta anapepeta mahindi. Nikamsalimia kwa Kisukuma changu cha kubahatisha, mwadila, mama. Alifurahi, akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Alipojua mimi ndiye baba mwenye nyumba ya Tabora, akainuka kunishukuru kwa mikono miwili. Alisema mwanawe amemwambia kuna mzee mmoja mjini alimweleza ukweli mapema, akamwepusha na aibu ya kusimama mbele za watu asisomwe. Nikakiweka kibuyu chini.

Alinionyesha njia. Nilitembea saa nzima na zaidi. Jilala nilimwona kwa mbali lamboni, maana hakuna mti ule upande mrefu kama yeye. Lambo lilibaki tope katikati, ng'ombe wamelizunguka.

Akashtuka. Shikamoo baba, kuna msiba? Nikamwambia hakuna msiba. Nikamwambia amechaguliwa. Wa kwanza. Nikamwambia tukimbie, basi la jioni tutalipata.

Hakuruka. Alitazama ng'ombe, akawahesabu, nadhani kwa mazoea tu. Kisha akaniambia kaka yake kaondoka leo alfajiri. Kumwona yeye amerudi, kafunga mzigo wake kwenda machimboni, simu kaizima, na hakuna ajuaye ni shimo lipi.

"Nikiondoka leo, hawa atawanywesha nani?"

Nikasema tutafute mtu. Akasema mtu wa kukabidhiwa ng'ombe thelathini na wanne hapatikani kwa siku moja. Nikasema mimi nitabaki niwachunge! Jilala akanitazama viatu. Ng'ombe mmoja akanisogelea, nikarudi nyuma mpaka topeni. Hatukuzungumza tena jambo hilo.

Tukakaa ukingoni. Baada ya muda akaniuliza, "Baba, orodha ulikuwa umeiona?"

Nikasema sikuwa nimeiona. Zile jezi nilizishona kwa kichwa changu mwenyewe, kwa ajili ya uenyekiti.

Akatupa jiwe topeni, kwa mkono uleule wa mipira ya adhabu. Likapita juu kwa upinde mzuri, likadondoka palepale alipotaka.

"Kumbe ulikohoa tu," akasema.

Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Alinisindikiza hadi njia panda, akanibebea begi, akaniomba nimsalimie mama Levina. Nimelala Nzega kwenye nyumba ya wageni. Suruali ina tope hadi magotini.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nilimfikia kocha kabla ya saa sita. Nilikuwa nimejiandaa kueleza yote. Nilieleza habari za ng'ombe kikamilifu, idadi yao, lambo, kaka, machimbo. Kocha akauliza nani alimwambia kijana kwamba hakuchaguliwa. Nikasema kulikuwa na kutoelewana.

Kocha Mektilda akanitazama. Alisema amefundisha miaka ishirini, na mchezaji kama yule alikuwa akimsubiri. Akachukua kalamu, akakata jina. Akamwita Elieza.

Nimefumua JILALA. Nimeshona ELIEZA. Kitambaa cha namba kumi na nne kimejaa matundu ya sindano, ukikiweka juani kinaonyesha upande wa pili. Herufi za Jilala nilitaka kuzitupa. Nimezikunja kwenye karatasi. Sijui za nini.

Jioni nilimweleza Levina yote, pamoja na kikohozi. Alisikiliza akichambua mchele. Alipomaliza kuchambua akaingia ndani akafunga mlango. Angenipiga kwa ungo ningeshukuru.

Jumapili, 12 Oktoba

Misa ya kwanza, kisha kikao cha tawi. Bernadeta alibandua karatasi zetu ukutani akazilinganisha na orodha iliyokwenda ligi, maana kwake hiyo ndiyo orodha halali. Damas: kumi na moja. Xavery, yaani mimi: kumi na mbili.

Watu wakanyanyuka. Kumi na mbili kwa kumi na mbili! Bernadeta akasema hajawahi kuona. Mzee mmoja akauliza kama naweza kutabiri mvua.

Nilisimama ili nikatae. Naapa. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu wakati wa mahubiri: ndugu zangu, ushindi huu si halali. Nikafungua mdomo. Wote wakageuka kunitazama. Nikajikuta nawashukuru wanachama kwa imani yao.

Damas akaja kunipa mkono. Akasema kwa upole, bila dhihaka hata kidogo, kwamba alikuwa na hakika na yule kijana, na kwamba Mungu tu ndiye ajuaye kwa nini mtu aondoke siku ya kuitwa. Ningetaka kugombana naye. Hakunipa nafasi. Kisha akaniletea kiti changu, amekifuta vumbi, akasema mwenyekiti lazima akalie cha kwake.

Nimekikalia. Kigumu.

Levina hakuja kikaoni. Alikuwa chumba cha uani, anafagia kilichokwisha kufagiwa.

Jumatano, 15 Oktoba

Siku tatu sijatabiri kitu. Nimeapa mbele ya Levina, mkono juu ya cherehani: sitamwambia tena mtu yeyote nini kitampata. Nitashona, basi. Damas aliniuliza kama leo kutakuwa na upepo, nikamwambia atazame mwenyewe. Levina jana kanisemesha. Alisema nisogeze mguu. Ni mwanzo.

Jilala kapiga simu asubuhi, kampigia Levina. Ng'ombe wamepata maji upande wa Igunga. Kaniulizia hali. Nilisikia Levina akisema nipo. Nimetoka nje nikasimama kidogo nyuma ya kibanda. Kijana yule angekuwa anavaa namba kumi na nne. Mimi ndiye niliyemvua, na yeye ananiulizia hali. Ningeweza kurudi nyuma hadi Jumatano ile, ningemeza kile kikohozi hata kama kingenipasua kifua. Nimejifunza. Mtu mzima anajifunza.

Mchana Elieza kaja kujaribu jezi. Imemkaa vizuri, ila mabega nimeyapunguza. Kijana mpole, hajiamini bado, anatazama chini akizungumza. Wakati nabana pini akaniambia dada yake anaolewa Goweko Jumamosi, siku ileile ya mechi ya kwanza. Akaniuliza, mwenyekiti, wewe uliyewapatia wote kumi na wawili, unaonaje, kocha atanichezesha?

Nikakumbuka kiapo. Nilinyamaza muda wote wa kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, na macho yangu si mazuri siku hizi, kwa hiyo ulikuwa muda mrefu.

Kisha nikamwambia Jumamosi hachezi kabisa, aende tu harusini kwa dada yake.