Gong Isiyofika Mlangoni

Jumatatu Legi, 3 Juni

Imefika! Sabufa yangu. Nyeusi kama kabati la mchawi, nzito kama mbuzi mwenye mimba. Zamu yangu yote ya mchezo wa akina mama imeingia humo, pamoja na spika mbili ndefu na mashine ya kuziendesha. Vyote mtumba, vyote vinang'aa. Pardi, mume wangu, kauliza kama hatukukubaliana kukodi turubai. Nikamwambia jua la Mungu halimuui mgeni, aibu ndiyo inayoua.

Jumapili hii ya Pahing kwa kalenda yetu ya Kijava, siku iliyokubali nyota za watoto wote wawili, wanakuja kumposa Wening. Kitinda mimba wangu! Baba wa kijana wake Bagas, Pak Suwondo kama tunavyowaita wazee kwa heshima, ni mwalimu mstaafu na anaongoza kundi la gamelan, muziki wetu wa ngoma na shaba, kule mjini Klaten. Mtu wa masikio. Mimi niliishia darasa la tatu. Nikifungua mdomo watanijua. Basi nitafungua muziki.

Kwetu wageni wa posa hawaingii hivi hivi kama kuku. Wanasimama mlangoni, muziki unazunguka, na gong kubwa ya shaba ikilia mwisho wa mzunguko ndipo wanainua mguu. Alipoposwa dada yake Wening nilipiga muziki kwenye simu. Gong ikalia kama kifuniko cha birika. Mpaka leo Bu Jumirah, yaani Mama Jumirah, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, tukikutana sokoni hanisalimii. Ananiambia: ting!

Safari hii atatingika yeye.

Jumanne Pahing, 4 Juni

Nimewasha. Mashine ikaniuliza kwenye kioo chake: spika zako ni kubwa au ndogo? Swali gani hili! Zinanifika kifuani. Nikabonyeza KUBWA.

Fundi aliyeniuzia kasema kwenye simu nibonyeze NDOGO. Eti ukisema ndogo, mashine inazitua mzigo spika na besi yote inakwenda kwa sabufa, mwenye mgongo. Nikamwambia mdogo ni yeye. Nisinunue spika za kimo cha mtoto wa darasa la pili halafu niziite ndogo mbele ya wakwe!

Nyuma ya sabufa kuna kitufe cha kuzungusha. Ndio mpaka. Sauti za chini ya mpaka anaimba sabufa, za juu wanaimba spika. Fundi kasema themanini. Lakini kitufe kinafika mia mbili. Mtu akikuandikia sahani ya wali utakula nusu? Nikakipeleka mwisho.

Balaa. Mwimbaji wa kiume akahama kwenye spika, akaenda kuimbia nyuma ya kochi. Pardi anatoka shambani, anasikia dume linabembeleza sebuleni kwake. Kaingia jembe liko juu. Kazunguka kochi, kakuta kabati jeusi linamwita mpenzi. Kala wali wake, na jembe kaliegemeza karibu.

Alhamisi Wage, 6 Juni

Jana nilikipeleka kitufe chini kabisa. Ngoma zikapotea! Juu filimbi, chini mngurumo, katikati pengo, kama mdomo wa bibi aliyebaki na magego. Fundi kauliza kwani yeye hakusema themanini? Wanaume hawachoki kujirudia. Nimeweka mia na ishirini, asije akadhani nimemtii.

Tena kasema mahali pa kuiweka ni nusu ya kazi. Sabufa ikalishwe pale anapokaa msikilizaji, halafu mimi nitambae sakafuni nyumba nzima. Nitakaposikia besi imetulia, ndipo pa kuiweka. Nikajiuliza: msikilizaji wa nyumba hii ni nani? Mimi. Ninakaa wapi? Jikoni. Nikaipandisha kwenye kigoda changu cha jikoni, nikakunja sarong yangu kiunoni, nikatambaa.

Nimefika chini ya meza, naona miguu. Bu Jumirah! Kaja kuomba mchaichai. Kauliza nimepoteza nini. Nikasema hereni. Mungu nisamehe, akapiga magoti na yeye! Tukatambaa wawili, yeye anatafuta hereni, mimi natafuta besi. Kufika kando ya kabati la vyombo kasimamisha kichwa kama kanga, kasema ajabu, hapa muziki wako ni mtamu. Nikaweka alama kwa kidole cha mguu. Alipoondoka nikaisukuma sabufa pale pale.

Kaniambia nikiipata hereni nimwambie, kwa sababu zote mbili ninazo masikioni.

Ijumaa Kliwon, 7 Juni

Sahani za marehemu mama zinacheza kabatini. Vikombe vinagongana kama watoto wa shule. Nimezitia vitambaa kila sahani na mwenziwe.

Nikasahau kuwa leo ni Kliwon, siku ya mizimu, watu wanajinyamazia. Vioo vya madirisha ya Bu Jumirah vimeanza kuguna. Kafukiza ubani nyumba nzima, kanyunyiza maua kila kona, kamwita na mume wake kutoka kwenye bwawa la kambare. Kisha wimbo ukaisha na mzimu ukaisha. Hapo akajua.

Kaja kavimba. Kasema ananidai ubani. Kasema kuku wake wametaga mayai yasiyo na ganda. Nikamwambia kuku wanamfuata mwenyewe. Kageuka kwenda, kafika mlangoni, kauliza kwa hasira ile ile: Jumapili aje jikoni saa ngapi? Nikamwambia alfajiri, na aje na mwiko wake. Ugomvi ni ugomvi, lakini posa ya mtoto haipikwi na mtu mmoja.

Jumamosi Legi, 8 Juni

Wening kaja kutoka kazini mjini Yogya. Kakonda! Nikampigia muziki kabla hata hajaweka mkoba. Kasimama mlangoni, kasikiliza, kasema kwa upole, "Mama, huku gong siisikii."

Nikamwambia asimame vizuri. Kasimama vizuri. Haisikii. Nikaenda jikoni: gong inanisimamisha nywele! Nikamwambia masikio ya Yogya yamejaa pikipiki.

Kachukua kijitabu cha mashine, kasoma. Kasema spika ziwekwe NDOGO. Lo! Wameungana wote! Nikamwambia kesho watu wanakuja kumtazama yeye na kumpima mama yake, na mimi sina cha kupimwa ila sauti hii. Kanishika mkono. "Mama, Bagas ananitaka hata ukimpokea baba yake kwa kupiga sufuria."

Nikalia. Nikamwambia ni vitunguu. Nilikuwa nakata tango.

Jumapili Pahing, 9 Juni



Wamekuja. Batiki zimepigwa pasi, mikono imebeba wajik na vyakula vyote vya kunata, ili ndoa inate. Pak Suwondo mbele, mwembamba, mnyoofu kama mshumaa. Nikawasha muziki, nikakimbilia nafasi yangu jikoni.

Mzunguko wa kwanza ukafika mwisho. GONG! Jikoni kila kitu kiliruka. Bu Jumirah kamwaga tui, kamkumbatia dada wa mume wangu. Nikafurahi sana! Nikachungulia. Wageni wamesimama. Hakuna mguu ulioinuka.

Mzunguko wa pili. GONG! Kifuniko kikaanguka. Wageni wamesimama. Pak Suwondo kainamisha kichwa, anasubiri kwa heshima. Jua linawachoma, na turubai hakuna. Mjomba wa Bagas kajifunika sinia la wajik kichwani. Wa tatu. Mama wa Bagas anapepesuka. Pardi ananitazama kama siku ile ya jembe. Wening kashusha uso. Nikaona posa inaondoka kwa miguu yake.

Nikaganda. Ndipo Bu Jumirah, tui linamchuruzika, akanyakua kifuniko cha sufuria kubwa ya wali, akanipita kama treni, akasimama katikati ya sebule. Ngoma zikafika mwisho wake. Akakitandika kwa mwiko.

TING!

Pak Suwondo kainua kichwa. Midomo ikamcheza. Kainua mguu, kaingia, na nyuma yake ukoo mzima, wanacheka mpaka sinia zinatikisika.

Baada ya kula kaniuliza, bila dharau, niliipima wapi hiyo besi. Nikamwonyesha kigoda. Kakitazama, kanitazama mimi. "Bu, umelitengenezea jiko. Na wewe leo si mtu wa jikoni. Ni mama wa bibi harusi." Kaibeba sabufa mwenyewe, kaikalisha kwenye kiti cha mgeni sebuleni, kavua kofia, kapiga magoti. Mwalimu mstaafu anatambaa kwenye mkeka wangu! Na mimi nyuma yake. Bu Jumirah kauliza kutoka jikoni safari hii nani kapoteza hereni.

Tukaiweka chini ya dirisha. Akabonyeza NDOGO. Akashusha kitufe mpaka themanini. Gong ikalia, ikafika mlangoni, ikafika barabarani, laini kama mtu anayekuvika shali mabegani. Sahani hazikutikisika. Wening kavishwa pete.

Jumatatu Pon, 10 Juni

Nyumba imetulia. Pak Suwondo ni mtu mwema. Nitamwombea maisha yangu yote.

Lakini kila nikiwasha mashine, kioo kinaniambia: NDOGO. Asubuhi ndogo, mchana ndogo. Mkwe ni mkwe, lakini spika ni zangu, na bado zinanifika kifuani. Nimerudisha KUBWA.

Na mtu aliyebakiza wali kwenye sahani ni mgeni, si mwenye nyumba. Kitufe nimekipeleka mia mbili.

Nimeshagundua kosa lilikuwa wapi: sabufa moja haiwezi kusikika jikoni na mlangoni. Nimempigia fundi aniwekee ya pili kwa ajili ya harusi. Pardi kaondoka asubuhi akikumbushia turubai. Nimemwambia jua la Mungu halimuui mgeni.

Najaribu sasa hivi. Mwanaume yule anaimba tena nyuma ya kochi, sauti nzito, tamu kweli. Na namwona Pardi kule shambani kasimama, anasikiliza. Anakuja mbio, na jembe liko juu.