Waraka wa Kufuta Zebaki

Leberecht Quandt alikuwa akinywa bia ya kulipiwa na jirani, mjini Berlin, alipochungulia gazeti la jirani huyo na kuiona riziki yake. Wataalamu walikuwa wamekutana Paris kujadili ukinzani wa umeme. Kwa miaka mingi Wajerumani waliupima kwa kipimo cha Siemens: uzi wa zebaki ndani ya kijibomba, mwembamba kama sindano, urefu wake mita moja. Sasa mabwana hao wameamua kipimo kipya kiwe sentimita mia na sita.

Sentimita sita za uzi huo ni tone la kumwosha nzi uso. Lakini Quandt hakuwa mtu wa kudharau tone.

Alimwendea kwanza Bwana Zwirner, muuza vipimajoto mwenye tumbo kubwa na subira ndogo.

"Kila ofisi ya telegrafu itarefusha vijibomba vyake, bwana mkubwa. Zebaki itatafutwa kama dawa."

Zwirner hakuuliza ni zebaki kiasi gani. Aliuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi funga mdomo. Niletee chupa kumi, nitakupa mara tatu ya bei ya leo."

Zebaki hakuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni Mama Pommerenke, mjane mtengeneza vioo vya kujitazamia, ambaye kazi yake ilikuwa ikifa tangu watu waanze kupaka vioo fedha badala ya bati na zebaki. Quandt akashinda siku nzima akichora waraka: tai wa Kaisari juu, mihuri mitatu chini, na katikati tangazo kwamba kipimo cha zebaki kimefutwa, na zebaki yenyewe kuanzia sasa haina thamani yoyote. Katika nchi ile mhuri mmoja humsimamisha mtu wima. Mitatu humlaza.

Mama Pommerenke aliusoma mara mbili. Mikono ikamtetemeka hata karatasi ikapiga kelele. Quandt akajisemea moyoni: huyu ameiva.

"Sasa mwanangu, nitaipeleka wapi?"

"Nitakuondolea mimi, mama. Nina nauli tu ya meli ya Amerika, nimeidunduliza miaka mitatu. Lakini utu kwanza."

"Nauli yote?"

"Yote."

"Mungu anakuona, mwanangu."

Kesho yake chupa kumi za chuma zilipangwa mlangoni. Quandt, mtu asiyedanganyika, alifungua kila moja akadumbukiza msumari. Msumari ukaelea, kama ufanyavyo juu ya zebaki. Akatoa nauli. Mikono ya mama ikaipokea ikitetemeka.

Zwirner hakutumia msumari. Aliinamisha chupa juu ya sahani. Zikatoka shanga safi, za mviringo. Kisha kikafuata kitu kizito cha kijivu, kikiburuta mkia kama konokono.

"Huu ni uji wa bati," akasema. "Takataka wanayokamua nyuma ya vioo. Juu wamekuwekea zebaki ya kidole kimoja, na wewe ukaishangilia."

Chupa zote kumi zilikuwa hivyo.

Quandt alimkuta mjane kakalia sanduku lililofungwa kamba, anakunywa kahawa. Kikombe kiligonga kisahani, tik tik tik.

"Mama, umeniibia. Twende polisi."

"Twende." Akaonyesha ukutani. Waraka ulining'inia ndani ya fremu nzuri. "Waambie nimekupunja kitu kisicho na thamani yoyote. Halafu waeleze kwa nini tai wako anatazama kulia. Wa Kaisari anatazama kushoto. Ulimnakili kwenye mhuri wenyewe, uliochongwa kinyume, sivyo? Mtu aliyeishi na vioo hakosi kuona kilichogeuka."

Quandt akamtazama tai. Alikuwa amemchora vizuri mno.

"Lakini ulitetemeka," akasema kinyonge. "Nilikuona unaogopa."

"Kuogopa?" Akanyoosha mikono, nayo ikacheza yenyewe hewani. "Hii ni miaka ishirini ya zebaki. Mume wangu alianza hivihivi, mpaka nikamzika. Binti yangu yuko Amerika, ana mtoto wa miezi mitatu. Nilipungukiwa nauli tu."

Akavaa kofia, akamwinulia kidevu.

"Nifungie utepe, mwanangu. Vidole havinitii."

Quandt akaufunga.