Daktari Pruvost na Suruali za Wagonjwa

Isidore Pruvost angelisoma gazeti lile mpaka mwisho, angejua kwamba madaktari wa Paris walikuwa wanajaribu jambo la maana: kumtoa mgonjwa wa vipele damu kidogo mkononi na kumrudishia papo hapo kwa sindano ya tako. Lakini Pruvost aliishia kwenye neno tako. Anayechomwa tako huvua suruali, na pochi ya tajiri imo mfukoni mwa suruali. Nani tena ana haja ya kusoma?

Akanunua bomba la sindano, koti jeupe na ndevu za kubandika, akapanda treni mpaka Vichy, mji ambako matajiri huja kunywa maji yenye ladha ya misumari na kusimuliana maradhi.

Jumatatu alimlaza kifudifudi wakili Delmas. Akamchoma sindano kavu, akamwambia asiinuke robo saa, damu isije ikampanda kichwani. Wakili akatii. Pruvost akatoka na faranga elfu mbili, akahamia hoteli ya upande wa pili wa mto. Jumanne mchana alikuwa na tiketi ya meli ya Buenos Aires mfukoni na saa mbili za kusubiri treni ya bandarini. Mtu mwenye akili angelala. Pruvost akabandika ndevu tena, akamfungulia mlango mgonjwa mmoja zaidi.

Aliyeingia alikuwa Firmin Chabrolle, mchuuzi wa farasi, ndani ya kanzu fupi ya buluu kama wenzake wote wa mnadani, akijikuna kama mbwa mzee.

"Dawa yenyewe nini, daktari?"

"Damu yako mwenyewe, bwana. Inatoka mkononi, inaingia takoni. Halafu robo saa huinuki."

"Yaani unaniuzia kitu changu?"

"Nakuuzia safari yake."

Chabrolle alicheka mpaka akakohoa. Akachomoa kitita kinene chini ya kanzu, akakirudisha. "Mimi farasi simnunui mpaka nimwone anatembea. Anza wewe."

"Mimi siumwi!"

"Vizuri. Ukiumwa baadaye, nitajua ni dawa." Akamdaka mkono, akampiga kiganja paa!

Kwa watu wa farasi, kiganja kikishapigwa biashara imekwisha. Na macho ya Pruvost yalikuwa bado chini ya ile kanzu. Akavua.

Daktari wetu hakuwahi kumtoa mtu damu hata tone. Chabrolle alikuwa ametoa farasi damu miaka thelathini. Akalivuta bomba likajaa, akamgeuza Pruvost kama gunia, akapigilia.

"Mama yangu!"

"Tulia, dume! Haraka kabla haijaganda." Kisha sauti ikasogea mlangoni. "Jana pale kwenye maji kuna wakili alikuwa analia, daktari. Alilia vizuri sana."

Pruvost aliinuka. Kiti kitupu, suruali hakuna, mlango umefungwa kwa nje. Dirishani akamwona Chabrolle, suruali begani, akiwakabidhi Delmas na askari mmoja ufunguo na pochi iliyokonda, kisha akaelekea stesheni bila haraka.

Viatu vikagonga ngazi. Miaka mitano jela, Pruvost alihesabu, labda saba. Akabandua ndevu na nusu ya ngozi ya kidevu, akatupa koti jeupe nyuma ya kabati.

Mlango ukafunguka. "Daktari yuko wapi?" aliguta askari.

"Mnamwuliza nani?" Pruvost alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. "Kashuka sasa hivi! Yule wa kanzu ya buluu! Ndevu zake za kubandika, kazibandua! Kanichoma, kanilaza, kaniibia mpaka suruali!"

Akageuka, akawaonyesha ushahidi, mwekundu na umevimba.

Askari akatimua mbio. Delmas akautazama uvimbe ule kwa muda mrefu, akajipapasa wake.

"Pole, ndugu yangu," alisema. "Na wewe alikuambia usiinuke?"

"Robo saa," Pruvost akajibu.

"Mshenzi." Wakili akavua koti lake zuri, akamfunika nalo kiunoni. "Hotelini kwangu nina suruali ya akiba. Itakupwaya kidogo."