Memori Kadi Isiyosahau

Ifahamike kwa umma kwamba, tangu siku nilipotia saini agizo langu kama Mkurugenzi, memori kadi zote za ofisi yetu ziliacha kuwa vitu vya kawaida. Niliagiza zifomatiwe, yaani zifutwe na kupangwa upya, kwa mfumo wa faili wa hali ya juu, ule wa kompyuta kubwa zinazojaza chumba kizima. Nilikuwa nimesoma habari zake ukurasa mmoja na nusu, nikajiona mtaalamu.

Mafanikio yalionekana papo hapo. Kamera ya ofisi ilizikataa kadi. Simu zikazikataa. Kompyuta za idara zikauliza kama zifute kila kitu zianze upya, na makarani wawili, kwa utiifu, wakabonyeza ndiyo. Nikatangaza kwamba usalama umeimarika, kwani siri zetu sasa hatuzijui hata wenyewe.

Fundi wetu, mama mpole ambaye mashine yake pekee ndiyo ilizisoma kadi hizo, alijaribu kunionya. Alisema mfumo huu haufuti kitu kabisa: ukibadilisha faili, unaitunza pembeni ile ya zamani. Nilimjibu kwamba ofisi inayojiheshimu haisahau. Akaguna, akarudi kwenye chai yake.

Wiki hiyo nilikuwa naandika ripoti ya mradi huo wa kadi. Bodi ikiipenda, nakuwa Mkurugenzi Mkuu, na nilishaanza kuitikia salamu kwa sauti ya cheo hicho. Nilikitaka sana, sitaficha.

Siku ya kikao nilikabidhi kadi yangu yenye ripoti kwa mbwembwe. Projekta ikaikataa, ikabidi Fundi aitwe na mashine yake. Ukutani zikajipanga ripoti saba.

Mwenyekiti wa bodi akavaa miwani, akazisoma zote. Katika ya kwanza niliandika kwamba mradi umefeli. Ya pili, umefeli kidogo. Ya tatu, umefeli kwa uzembe wa Fundi. Ya saba, umefaulu kupita matarajio.

"Mkurugenzi, hizi sita ni za nani?"

"Nilizifuta, Mwenyekiti."

"Alizifuta kweli," Fundi akanitetea. "Mfumo ndio haukukubali."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Bodi ikaridhika kwamba mfumo unafanya kazi, na kwamba anayeuelewa ni Fundi peke yake, ikampa yeye ukurugenzi mkuu.

Agizo lake la kwanza lilikuwa kadi zote zirudishwe kwenye mfumo wa zamani, isipokuwa yangu. Hiyo hutumika kuwafunza watumishi wapya maana ya ripoti. Mwalimu wao ni mimi.